Sura ya Sita: Nimempa Dawa ya Minyoo, Mbona Bado Anakonda?

Mfugaji wa Karuba, kwenye milima ya Masisi mashariki mwa Kongo, anayeingia duka la dawa za mifugo Sake au Goma na swali hili huwa ameshakasirika kabla hajalitamka. Alinunua dawa ya minyoo, akamnywesha ng'ombe kama alivyoelekezwa. Wiki zimepita, mifupa ya kiuno bado inahesabika, maziwa hayajai tena kile kibuyu cha zamani, na sasa chini ya taya umening'inia uvimbe laini kama wa maji. Mara nyingi anaondoka na chupa nyingine ya dawa ileile, labda yenye lebo ya rangi tofauti.

Jibu fupi ni kwamba si kila dawa ya minyoo inaua kila mnyoo, na huyu anayemkondesha ng'ombe wake anaishi mahali ambapo dawa nyingi hazimgusi: ndani ya ini. Jibu refu linaanzia mbali na duka, kule bondeni ambako ng'ombe hunywa maji.

Mnyoo mwenye umbo la jani

Minyoo wengi tunaowajua ni wa mviringo, warefu kama uzi au tambi, na hukaa tumboni. Mnyoo wa ini ni bapa. Ukimtandaza juu ya kiganja utadhani ni kijani kidogo cha mti kilichokauka, rangi ya hudhurungi iliyofifia. Wataalamu wanawatambua wa aina mbili. Fasciola gigantica, ambaye anaweza kupita sentimita 5 kwa urefu, ndiye aliyeenea zaidi Afrika yetu. Fasciola hepatica, mfupi wa kama sentimita 2 hadi 3, hupenda nyanda za juu zenye baridi. Kwa mwenye ng'ombe tofauti hiyo haibadilishi matibabu, kwa hiyo kuanzia hapa nitasema tu mnyoo wa ini.

Akishakomaa, anakaa katika mirija ya nyongo, yaani vijia vinavyobeba nyongo kutoka kwenye ini kwenda kwenye utumbo. Huko anakula, anajeruhi kuta za mirija, na anataga mayai maelfu kwa maelfu kila siku. Mayai yanafuata nyongo, yanaingia utumbo, yanatoka na kinyesi.

Kondoo wanaougua hivi wamewasumbua wachungaji tangu zamani. Mchungaji mmoja wa Ufaransa, Jean de Brie, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1379. Lakini karne tano zilipita kabla ya mtu kujua mnyoo anaingiaje mwilini. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mvua nyingi ziliinyeshea Uingereza na kondoo wapatao milioni 3 wakafa. Hasara hiyo ndiyo iliyomsukuma kijana wa Oxford, A. P. Thomas, kuchunguza madimbwi ya malishoni, wakati Mjerumani Rudolf Leuckart akifanya kazi hiyohiyo kwao. Wote wawili, kila mmoja peke yake, walifika kwa mtuhumiwa mmoja mwanzoni mwa miaka ya 1880: konokono.

Njia inayopita kwa konokono

Yai lililoanguka na kinyesi mahali pakavu linakufa. Likiangukia maji au tope, na kukiwa na joto la kutosha, linaanguliwa baada ya wiki mbili au tatu. Kinachotoka ni kiluwiluwi kisichoonekana kwa macho, kinachoogelea kikitafuta konokono wa aina maalumu. Kina muda wa siku moja hivi; kisipompata, kinakufa.

Kikimpata, kinaingia mwilini mwake na kuanza kujigawa. Hapa ndipo hesabu inapomgeukia mfugaji, kwa sababu kiluwiluwi kimoja kinaweza kutoa mamia ya wadogo wapya. Baada ya wiki sita, saba, au zaidi penye baridi, hao wanatoka, wanaogelea mpaka kwenye majani, wanajishikiza hasa sehemu ya chini inayogusa maji, na kujifunika ganda gumu. Wakiwa ndani ya ganda hilo wanaweza kusubiri wiki nyingi, hata miezi kama pana unyevu.

Ng'ombe anapong'ata jani, analimeza pamoja nao. Ganda linayeyuka utumboni, mnyoo mchanga anatoboa ukuta wa utumbo, anavuka uwazi wa tumbo, anafika kwenye ini na kulitafuna kwa kupita ndani yake kwa muda wa wiki sita au zaidi. Kisha anaingia mirija ya nyongo na kuanza kutaga. Toka jani limezwe hadi mayai yaonekane kwenye kinyesi ni kati ya miezi miwili na nusu na minne.

Kwa kifupi: ng'ombe hamwambukizi ng'ombe mwenzake zizini. Lazima wapatikane kinyesi, maji, konokono na jani, kwa mpangilio huo, na lazima ipite takribani miezi mitatu kabla jani halijawa na hatari. Mahali popote unapoukata mnyororo huo, umepunguza minyoo.

Kwa nini milima ya Masisi

Mtu anayetoka Goma kupanda Masisi anaona tofauti ambayo huenda hajaifikiria. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Mvua ikinyesha, mawe yanaimeza; vijito havipo karibu. Ukishapita Sake, ambako Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kuanza kupanda kuelekea Mushaki na Karuba, udongo unabadilika. Hapa ardhi inashika maji. Chemchemi zinatoka ubavuni mwa vilima, vijito vinapita kila bonde, na chini ya kila bonde pana tope lenye majani mabichi mwaka mzima.

Uzuri huo ndio uliowaleta ng'ombe. Malisho ya Masisi yanalisha Ankole wenye pembe ndefu, na chotara wao na ng'ombe wa Ulaya wa maziwa, na kutoka kwenye maziwa yao inatoka ile fromaji ya mviringo, jibini inayouzwa Goma na kusafirishwa hadi Kinshasa. Uzuri huohuo unamfaa konokono. Wale wanaobeba mnyoo wa ini ni wadogo kuliko tunavyodhani: mmoja anaishi ndani ya maji yaliyotulia au yanayotiririka polepole, mwingine, ambaye hafiki hata sentimita moja na nusu, anaishi pembeni, kwenye tope na katika nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Konokono mkubwa wa bustani anayekula mboga zako hana hatia katika kesi hii.

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vingi vya ufugaji havilitaji, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya watu wanaolala usingizi. Vita vya miaka ya 1990 vilimaliza sehemu kubwa sana ya ng'ombe wa Masisi, na tangu hapo mifugo imekuwa ikirudi na kukimbia, ikirudi na kukimbia. Mwaka 2023 majina ya Mushaki na Karuba yalisikika redioni kwa sababu ya mapigano. Watu wanapokimbia na ng'ombe wao, mifugo ya wenye mali wengi inasongamana kwenye malisho machache yaliyo salama, inakunywa kijito kimoja, na kinyesi cha wote kinaingia maji yaleyale. Ushauri wa "pumzisha malisho kwa miezi sita" unamfaa mwenye uhuru wa kuchagua malisho. Nimejaribu kuweka hapa mambo yanayowezekana hata kwa asiye na uhuru huo.

Dalili, na mahali zinapodanganya

Ng'ombe na kondoo hawaugui sawa. Kondoo akimeza wadogo wengi kwa mara moja, ini lake linatafunwa na damu kuvuja ndani. Anaweza kufa ghafla bila hata kukonda. Mara nyingine majeraha hayo yanaamsha bakteria waliolala kwenye ini, nao wanamuua kwa saa chache. Mwenye mali anasema karogwa au kaumwa na nyoka. Ng'ombe mkubwa anastahimili: ini lake linajenga makovu, mirija ya nyongo inakuwa minene na migumu kama bomba, na minyoo wengi wanakufa humo baada ya mwaka mmoja au miwili. Ndiyo maana ugonjwa kwa ng'ombe ni wa kufilisi taratibu. Maziwa yanashuka, manyoya yanasimama, jike anachelewa kupata joto, ndama anazaliwa dhaifu. Kondoo asiyekufa hubaki na minyoo yake kwa miaka mingi, akimwaga mayai yake kila siku kwenye malisho ya ng'ombe wako.

Fungua kope la chini la jicho. Kwa mnyama mzima ndani ni pekundu au pa waridi; kwa mwenye upungufu wa damu ni peupe. Uvimbe chini ya taya unatokana na damu kuishiwa protini, hivyo maji yanavuja na kukusanyika mahali pa chini. Lakini kuna mnyoo wa tumbo, wa mviringo, anayenyonya damu na kuleta kope jeupe na uvimbe uleule, hasa kwa kondoo na mbuzi. Kwa hiyo uvimbe peke yake hauthibitishi mnyoo wa ini.

Wapi basi pa kuthibitisha? Maabara ya mifugo Goma inaweza kupima kinyesi, na kama unapeleka sampuli omba wapime kwa njia ya kutuamisha. Mayai ya minyoo ya kawaida huelea kwenye maji ya chumvi na huchotwa juu. Mayai ya mnyoo wa ini ni mazito, yanazama. Fundi akipima kwa kuelesha tu, atakuandikia kwamba hakuna kitu, na utaamini. Hata kipimo sahihi hakiwaoni minyoo wachanga, maana bado hawajataga.

Ila kwa maoni yangu maabara ya karibu kuliko zote ni mwenye bucha. Yeye anapasua maini kila siku ya soko. Muulize ng'ombe waliotoka bonde lenu maini yao yakoje. Akikuambia kwamba kisu kinakwaruza kama kinapita kwenye mchanga, kwamba mirija imekuwa myeupe na minene, na kwamba akiiminya vinatoka vijani, umepata jibu la kundi zima bila kulipa chochote. Na mtu akiuliza kama kula ini hilo kutamwambukiza: mnyoo aliyekomaa haambukizi anayemla, kilichoharibika hukatwa na mkaguzi. Binadamu huupata ugonjwa huu kama ng'ombe anavyoupata, kwa kula majani mabichi ya majini au kunywa maji ya kijito hicho. Wachunga ng'ombe watoto wanaotafuna mabua ya bondeni wakatazwe.

Chupa zilizopo dukani

Hapa tunarudi kwa mfugaji aliyekasirika. Soma jina la dawa yenyewe, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara.

- Ivermektini, ile sindano maarufu, inaua minyoo ya mviringo, upele na baadhi ya chawa. Peke yake haiui mnyoo wa ini. Kuna aina iliyochanganywa na klosuloni. Hiyo inaua wale waliokomaa.
- Levamisoli nayo ni ya minyoo ya mviringo tu.
- Albendazoli inaua mnyoo wa ini aliyekomaa, kwa sharti la kipimo kikubwa kuliko cha minyoo ya kawaida. Isitolewe kwa jike mwenye mimba changa.
- Oksiklozanidi inaua waliokomaa. Faida yake ni kwamba muda wa kutupa maziwa huwa mfupi.
- Nitroksinili ni sindano ya chini ya ngozi, ya njano inayotia doa lisilotoka. Inaua waliokomaa na wale wa wiki sita hadi nane.
- Klosanteli inafanana nayo kwa nguvu, lakini kondoo au mbuzi aliyezidishiwa anaweza kupofuka.
- Triklabendazoli ndiyo pekee inayoua hata wale wachanga wa siku chache, na hiyo ndiyo ya kumwokoa kondoo anayekufa ghafla.

Mtu akiona orodha hii anataka kununua ya mwisho na kumaliza shughuli. Asifanye haraka. Haifai kwa ng'ombe anayekamuliwa, kwa sababu inabaki kwenye maziwa kwa muda mrefu, na maziwa ya Masisi yakiingia katika fromaji, kilichomo kinaingia nacho. Tena imeshazoeleka katika nchi kadhaa. Australia iliripoti mwaka 1995 minyoo ambao haiwaui tena. Njia ya haraka ya kufika huko ni kuitumia ovyo, kwa kipimo kidogo.

Kidonge kimoja, ng'ombe wawili

Na kipimo kidogo ndiko tatizo kubwa liliko. Chukua kidonge kikubwa cha albendazoli cha miligramu 2,500. Kwa minyoo ya tumbo ng'ombe anahitaji miligramu 7.5 kwa kila kilo, kwa hiyo kidonge kinamtosha mwenye kilo 333. Kwa mnyoo wa ini anahitaji miligramu 10 kwa kilo, na kidonge kilekile kinaishia kwenye kilo 250. Jike wa chotara mwenye kilo 380 aliyepewa kimoja amepata theluthi mbili tu ya dawa. Minyoo yake dhaifu imekufa, yenye nguvu imebaki kuzaa.

Mizani haipo, lakini kamba ya kupimia ya fundi cherehani ipo. Zungusha kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, upate sentimita. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, halafu gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye kifua cha 150 na urefu wa 130 anapata takribani kilo 270. Anahitaji miligramu 2,700, yaani mililita 27 za albendazoli ya asilimia 10. Ikiwa chupa ni ya asilimia 2.5, ni mililita 108, na hapo ndipo wengi wanakosea, kwani chupa zinafanana. Kondoo wa kilo 30, ambaye kipimo chake cha mnyoo wa ini ni miligramu 7.5 kwa kilo, anatosheka na mililita 9 za hiyo ya asilimia 2.5.

Lini kutibu

Masisi ina mvua kubwa kuanzia Septemba hadi Desemba, na nyingine Machi hadi Mei. Kiangazi kikuu ni Juni hadi Agosti. Kumbuka ile miezi mitatu: kinyesi kilichoanguka majini mvua zinapoanza Septemba ndicho kinachotia hatari kwenye majani ya Desemba. Kwa hiyo dawa ya maana kuliko zote ni ile inayotolewa kabla ya mvua, mwishoni mwa Agosti na tena mwishoni mwa Februari, ili mifugo isiingie msimu wa konokono ikiwa inamwaga mayai. Mfugaji anayengoja uvimbe wa taya anatibu hasara ambayo imeshatokea, na malisho yake yameshajaa.

Lakini kiangazi kina mtego. Majani ya mlimani yakikauka, ng'ombe wote wanashuka kwenye tope, palepale walipo wadogo waliosubiri. Aliyemeza mwezi wa Julai, mnyoo wake bado ni mchanga Agosti, na albendazoli haimuui. Kama huna triklabendazoli, au mnyama anakamuliwa, rudia dawa ya waliokomaa baada ya wiki nane. Mitamba, madume na kondoo, ambao hawakamuliwi, ndio wanaofaa kupewa ile yenye nguvu.

Mchungaji na kijito

Wenye fermi wengi, yaani yale mashamba makubwa ya ng'ombe, wanaishi Goma. Pesa ya dawa iko huko. Anayeamua ng'ombe anywe wapi saa sita mchana ni mchungaji, ambaye mara nyingi sehemu ya ujira wake ni maziwa. Mwenye mali anaweza kutumia dola nyingi kila mwaka kwa dawa na bado asipunguze minyoo, kama yule kijana hajaelezwa kuhusu konokono na hana sababu ya kupanda na ng'ombe kutafuta maji safi. Nawashauri wenye mali waanze kutumia hapo, kabla ya dukani.

Pale chemchemi inapotoka, weka bomba fupi, hata la mwanzi, maji yaangukie kwenye birika la mbao au la saruji lililo mahali pagumu. Chimba mfereji maji yanayomwagika yasitengeneze tope jipya. Kisha zungushia miiba lile tope la zamani. Kama hakuna nafasi ya kuzungushia lote, zungushia sehemu ambako nyayo zimejaa maji, kwa kuwa hapo ndipo konokono mdogo anazaliana. Ndama na kondoo walishwe ubavuni mwa kilima, pakavu. Ukilazimika kukata majani ya bondeni, kata juu ya mstari wa maji na uyaanike juani wiki kadhaa kabla ya kulisha. Bata wanakula konokono. Ni msaada mdogo, lakini na mayai yao utakula.

Kuna wanaoshauri kumwaga salfati ya shaba kwenye vijito ili kuua konokono. Inaua konokono, inaua samaki pia, na kondoo ni mwepesi sana kudhurika na shaba. Katika milima ambako kijito chako ni maji ya kunywa ya jirani wa chini, mimi siishauri.

Ng'ombe mgeni

Kundi linaloingia kutoka kwingine, liwe limenunuliwa sokoni au limekimbia mapigano, lihesabiwe kuwa lina minyoo hadi ithibitishwe vingine. Litibiwe siku ya kufika na likae mahali pakavu, mbali na kijito, kwa wiki tatu, kwa sababu mayai yaliyokwisha kutagwa yanaendelea kutoka kwenye nyongo kwa siku kadhaa baada ya mnyoo kufa. Kwa wiki hizo kinyesi kirundikwe na kufunikwa; joto la rundo linaua mayai.

Mwishoni mwa wiki ya tatu, chukua kinyesi cha wanyama sita au saba, kila kimoja katika mfuko wake wenye namba, kipelekwe Goma kipimwe kwa kutuamisha. Kama mayai hayapo, wafungulie malisho. Kama bado yapo na una hakika uzito ulipimwa kwa kamba, basi huenda dawa hiyo haifanyi kazi kwenye kundi lile. Mwambie veterineri wa sekta jina la dawa na namba iliyo kwenye chupa, kisha badilisha aina ya dawa, usiongeze kipimo cha ileile.